Nani Anasukuma? Rekodi za tramu, reli na pembea za pwani, zikipimwa kutoka Getanuwas

Getanuwas haina bahari. Kata hii ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka ufukwe wa Tanga ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, na mwenye kuipita njia yenyewe, na kona zake zote, anajua kwamba ramani ina huruma. Maji mengi tuliyokua tukiyasikia ni Ziwa Basotu, lenye viboko wake, na Balangida, ziwa la chumvi lililolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambalo kiangazi hukauka likabaki jeupe. Treni tulizisikia Singida na Arusha. Tramu hatukuzisikia kabisa.

Michezo ya kupanda, hata hivyo, hatukuikosa. Mtoto wa Hanang aliyekulia karibu na mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yale saba yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 katika ardhi ambayo Wabarbaig waliidai hadi mahakamani, alijua beringi chakavu ina thamani gani. Ukipata mbili au tatu, ukazitia kwenye mti uliochongwa, ukagongomelea ubao juu yake, una gari. Gari hilo lina sauti ya kusaga meno na halina breki zaidi ya kisigino. Kushuka nalo mteremko ni raha tupu. Kazi iko kulirudisha juu. Kwa hiyo palikuwa na sheria, na haikuhitaji mwenyekiti wa kijiji: aliyeshuka amekaa ndiye anayesukuma kupanda. Ukigoma leo, kesho hupandi.

Orodha za rekodi za dunia nazisoma kwa sheria hiyo. Vitabu vya rekodi vinataja urefu, kasi na mwaka, kisha vinanyamaza. Hakuna safu inayosema nani alisukuma. Katika orodha ifuatayo safu hiyo nimeiongeza, na utaona jinsi inavyowapandisha wengine na kuwashusha wengine.

Abiria wa kwanza, na nguvu nyingi kuliko zote

Reli ya kwanza duniani kubeba abiria wa kulipa nauli haikuwa ya treni kubwa ya moshi. Ilikuwa njia ya ufukweni huko Wales, kati ya Swansea na Mumbles, iliyojengwa kwa ajili ya mawe na makaa. Tarehe 25 Machi 1807 ilianza kuchukua watu kwenye behewa lililovutwa na farasi, wakipunga upepo wa ghuba. Mwaka huohuo walijaribu kulipandishia behewa tanga kama la mashua.

Baadaye wakaja na mvuke, na mwaka 1929 umeme, kwa magari ya ghorofa yenye viti 106, makubwa kuliko tramu yoyote iliyowahi kujengwa kwa matumizi ya Uingereza. Kati ya hapo walijaribu betri, petroli na dizeli. Kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa reli iliyowahi kuendeshwa kwa nguvu za aina nyingi kuliko reli nyingine yoyote. Ilifungwa Januari 1960. Katika kipimo changu hii ni bingwa wa kubadilisha wasukumaji: kila aliyechoka alipewa mapumziko na mwingine akaingia.

Kongwe ya kwetu, na baghala wake

Afrika Mashariki heshima ya kwanza ni ya Unguja. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said alijengewa reli ya kama kilomita 11 kutoka kasri lake Mji Mkongwe hadi Chukwani, kusini mwa mji, kwenye kasri jingine la kupumzikia. Ilikuwa na mabehewa mawili tu ya fahari, na mwanzoni yalivutwa na baghala. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kwa watengenezaji Bagnall wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli iling'olewa, na kichwa kikauzwa kama chuma chakavu.

Hiyo ilikuwa reli ya starehe hasa. Haikubeba karafuu, haikubeba askari, haikwenda mahali ambapo mtu wa kawaida alikuwa na shughuli. Ukiniuliza ni kitu gani cha kwanza pwani yetu kinachofanana na bembea za kisasa za kulipia, nitakwambia ni hiki, tofauti ni kwamba mpandaji alikuwa mmoja pamoja na familia na wageni wake.

Ya pili Unguja ilikuwa ya umma. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ilijenga mwaka 1905 njia nyingine ya kilomita zipatazo 11 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Serikali iliinunua mwaka 1911, ikaacha kubeba abiria mwaka 1922, kisha ikasomba mawe kwa ajili ya bandari kabla ya kufa kabisa. Picha za zamani zinaionyesha ikipenya kichochoro cha mji, ukuta huku na ukuta huku, watu wamejibana milangoni kuipisha. Rekodi ninayoipa ni ya treni iliyopita karibu zaidi na vyungu vya watu. Mtoto aliyeipanda msimu wake wa mwisho leo angekuwa na zaidi ya miaka 100, kwa hiyo tunayoyasikia sasa ni masimulizi ya wajukuu: moshi, cheche, na bibi akikimbilia kuanua nguo kamba isijae masizi.

Iliyosukumwa na watu wengi kuliko zote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safu yangu ilipozaliwa.

Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa wakati huo, Imperial British East Africa Company, ilianza kwa mbwembwe reli nyembamba ya kwenda Ziwa Victoria. Upana wa njia ulikuwa futi mbili, kama sentimita 61. Walitandaza kilomita zipatazo 11, fedha zikawaishia, reli ikafia porini. Miaka sita baadaye ikaanza reli nyingine, ya upana wa mita moja, ambayo Desemba 1901 ilifika kweli ziwani, Kisumu. Vyuma vya ile ya kwanza havikutupwa. Vilihamishiwa kisiwani Mombasa vikatandikwa mitaani, kutoka mji wa kale penye Ngome ya Yesu hadi Kilindini, na matawi yakachepuka kwenda maofisini na hadi milangoni mwa nyumba za maofisa.

Juu ya njia hiyo havikupita vichwa vya treni. Zilipita toroli: ubao wenye magurudumu manne madogo ya chuma, benchi moja au mawili, na juu yake kipaa cha turubai chenye pindo la kuning'inia. Abiria alikaa mbele, kofia kichwani, miguu imetulia. Nyuma walikuwa vijana wa kusukuma, kwa kawaida wawili au zaidi kulingana na uzito wa bwana na ukali wa mwinuko. Walikimbia peku kati ya reli au juu ya vyuma vyenyewe, vyuma vilivyochomwa na jua la Mombasa mchana kutwa. Penye mteremko waliruka wakakanyaga nyuma ya toroli, wakapata nusu dakika ya kupumua, kisha wakashuka tena kusukuma.

Tajiri alikuwa na toroli yake na wasukumaji wake, wengine wamevishwa sare za mwajiri, kama leo mtu anavyokuwa na gari na dereva. Asiye na yake alikodi. Mji mzima wa wakubwa ulizunguka hivyo, kwenda kazini, kwenda kucheza, kwenda kuwaona wenzao jioni, mpaka magari ya mafuta yalipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1920 na vyuma vikang'olewa. Beira, Msumbiji, nako kulikuwa na toroli za namna hii, zikisukumwa kwenye mchanga wa mji ule wa bandari. Lourenço Marques, Maputo ya leo, waliamua mapema kutumia umeme na tramu zao zilianza mwaka 1904, zikadumu hadi 1936.

Wasafiri wengi walioandika habari za Mombasa ya enzi hizo waliisifu toroli. Wanasema ni kitu cha kupendeza, upepo unakupuliza, minazi inapita pembeni. Sijasoma hata mmoja anayesema alishuka akasukuma kidogo. Kwa sheria ya beringi, wote wale walipaswa kunyimwa zamu siku ya pili.

Nimeitafakari sana rekodi hii. Dunia ina tramu za farasi, baghala, mvuke, kamba, hewa iliyoshindiliwa na umeme. Mji wa bandari ambao usafiri wake wa kila siku wa mjini, juu ya reli, kwa zaidi ya miaka 20, ulitegemea mapaja ya binadamu ni kitu adimu. Hakuna kitabu cha rekodi kilichowahi kuuandikia cheti. Na waliobeba rekodi yenyewe, wale vijana, katika picha wanaonekana nusu tu: mkono mmoja, kanzu, kisogo nyuma ya turubai.

Sentimita 61 nyingine

Sasa linganisha. Tarehe 4 Agosti 1883, kwenye ufukwe wa Brighton, Uingereza, fundi mmoja aitwaye Magnus Volk alifungua kijireli chake cha umeme. Upana wa njia, siku ya kwanza, ulikuwa futi mbili, sawasawa na ule wa Mombasa, na urefu wake haukuzidi robo maili. Watoto walipanda, wakapelekwa na kitu wasichokiona. Kinafanya kazi hadi leo, baada ya kuongezwa upana na urefu, na ndiyo reli kongwe zaidi ya umeme duniani inayoendelea kubeba abiria. Mji wa Blackpool, kaskazini zaidi, ulifuata Septemba 1885 na tramu za umeme za ufukweni ambazo nazo bado zinapita.

Upana uleule, bahari karibu, miongo ileile. Huku umeme, kule watu. Sina haja ya kuongeza neno.

Mwaka huohuo wa 1883 Barghash alimaliza Beit al-Ajaib, jumba lililopata taa za umeme kabla ya majengo mengine ya Zanzibar, na baadaye likahesabiwa kuwa la kwanza kuwa na lifti Afrika Mashariki. Kwa watoto wa Unguja waliopelekwa hapo na shule lilipokuwa makumbusho, lile sanduku la kupanda juu, hata likiwa limesimama, ndilo lilikuwa kivutio kuliko vyombo vya kale. Sehemu ya jumba iliporomoka Desemba 2020, na ukarabati ukafuata.

Afrika nzima, mzee wa tramu ni Alexandria. Njia ya Ramleh ilianza mwaka 1863 kwa farasi, ikapata umeme mwaka 1902, na kwa miaka mingi watoto wa mji ule waligombea viti vya ghorofani kuiona bahari ya Mediterania.

Tramu ya ajabu kuliko zote

Volk hakutosheka na ufukwe. Alitaka kwenda Rottingdean, kilomita kama nne na nusu mashariki, lakini njiani kulikuwa na majabali. Akaamua kupita baharini. Si juu ya daraja, la: ndani ya maji.

Alitandika reli kwenye matofali ya zege yaliyofungwa kwenye mwamba, chini ya usawa wa maji kujaa. Juu yake akasimamisha jukwaa lenye miguu minne ya chuma, kila mmoja urefu wa mita saba, na magurudumu chini kabisa, kwenye mwani na kaa. Juu ya miguu hiyo palikuwa na sebule ya kioo, zulia, makochi na nafasi ya watu 150. Umeme ulitoka kwenye waya uliokwenda sambamba juu ya nguzo. Kwa kuwa kitu chenyewe kilitembea baharini, sheria ilidai kiwe na nahodha mwenye cheti, pamoja na mashua na maboya ya kuokolea watu. Jina lake rasmi lilikuwa Pioneer, lakini watu walikiita Daddy Long Legs, kama tungesema Baba Miguu Mirefu.

Kilifunguliwa tarehe 28 Novemba 1896. Wiki haikuisha, dhoruba ikakipindua. Volk akakijenga upya, na Julai 1897 kikarudi kazini. Shida yake ilijulikana mapema: maji yakijaa, mota zilishindwa kulisukuma jukwaa dhidi ya bahari, likawa linakwenda mwendo wa konokono. Mwaka 1901 halmashauri ya mji ilitaka kuongeza kuta za kuzuia mawimbi zikikatiza njia yake, na hapo hadithi ikaisha. Maji ya kupwa sana bado yanafichua baadhi ya yale matofali.

Mtu wa Mombasa au Unguja akisoma habari hii atacheka, maana kwao kitu cha kutembea juu ya maji kilikwisha kubuniwa zamani, kinaitwa jahazi, na msukumaji wake ni kaskazi au kusi. Sisi wa Getanuwas tuna haki ya kuvutiwa bila kucheka. Kwa asiye na bahari, tramu ya miguu mirefu ina mantiki yote.

Kiti cha hatari zaidi

Rekodi ya kiti cha mbele kabisa ni ya Reli ya Uganda, ile ya upana wa mita moja iliyofika Kisumu. Wageni wakubwa waliotoka Mombasa kwenda bara walifungiwa benchi mbele ya kichwa cha treni, juu ya kile chuma cha kusukumia ng'ombe njiani, wakakaa wakitazama nyika ikiwajia. Churchill alikaa hapo mwaka 1907. Roosevelt, akiwa ametoka tu kuachia urais wa Marekani, alikaa hapo Aprili 1909. Hakuna mkanda, hakuna kioo, na nyuma ya mgongo wako tangi la mvuke. Leo hakuna kiwanja cha michezo kitakachopewa bima kwa kitu kama hicho. Kuni na maji ndivyo vilivyosukuma, na kuni hizo kuna mtu alizikata, akazipanga kila stesheni.

Pembea za Idi

Mnazi Mmoja, Unguja, siku za Sikukuu, ndio uwanja wa michezo wa pwani ninaoupa heshima ya juu, ingawa siku zake zikiisha hapabaki hata msumari. Asubuhi watoto wanazunguka nyumba za ndugu na majirani kudai mkono wa Idi. Jioni sarafu na noti hizo zinafika kiwanjani: nguo mpya, viatu vinavyobana, miwani ya plastiki, hina bado nyekundu. Kuna barafu, ubuyu, achari ya embe inayochuruzika kiganjani. Na kuna pembea.

Simama karibu na pembea moja uitazame. Mwenye pembea hapaazi sauti sana. Anapokea pesa, anawapakia wawili wawili, anamwambia mdogo ashike kwa mikono miwili, kisha anarudi nyuma hatua mbili na kusukuma kwa kiganja kilichofunguka. Msukumo wa kwanza ni wa upole. Wa tatu unakwenda na mwili wake wote. Hesabu ya zamu iko kichwani mwake, na inarefuka au inafupika kulingana na foleni, jambo ambalo watoto wanalijua na wanalipigia kelele. Jasho linamtiririka katika kanzu ya Sikukuu. Siku nne akifanya hivyo, mikono yake imewapandisha watoto wengi kuliko baadhi ya mashine zenye jina.

Tofauti yake na yule kijana wa toroli ya Mombasa ni kubwa: huyu pembea ni yake, na pesa inaingia mfukoni mwake.

Dar es Salaam nako wana Kunduchi na bustani yake ya maji, Wet 'n' Wild, ambayo kwa miaka mingi imejinadi kuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Pampu hupandisha maji, uzito wako hukushusha, na ngazi unapanda mwenyewe. Kidogo hiyo inakaribia sheria ya beringi.

Kubwa, refu, la kasi

Tupite haraka hapa kwa sababu hizi ndizo rekodi zinazoandikwa kila siku.

Gurudumu la kwanza kubwa la kupandia lilisimamishwa na George Ferris, Chicago, mwaka 1893. Kimo chake kilikuwa mita 80, vibanda 36, na kila kibanda watu 60. Lilizungushwa na injini ya mvuke ya nguvu za farasi 1,000, nyingine kama hiyo ikikaa ya akiba. Kubwa kuliko yote sasa ni Ain Dubai, lililofunguliwa Oktoba 2021 likiwa na mita 250, likafungwa miezi michache baadaye, likafunguliwa tena mwisho wa 2024. Sasa hesabu: gurudumu la Ferris lilipakia watu 2,160 kwa mpigo, la Dubai watu 1,750. Refu mara tatu, na bado linamwamkia mzee shikamoo kwa upande wa abiria.

Kwa kasi, Abu Dhabi walifungua Formula Rossa Novemba 2010. Ni kigari kinachorushwa kwa mtambo wa majimaji kama ule wa kurushia ndege kwenye meli za kivita, kikafika kilomita 240 kwa saa chini ya sekunde tano. Wapandaji huvaa miwani ya kuzuia vumbi na wadudu. Waswahili wengi walioko Ghuba wamewapeleka watoto wao pale, na picha wanazowatumia ndugu huku nyumbani zinafanana zote: mdomo wazi, mashavu yamerudi masikioni. Jirani yao Saudi Arabia wamejenga Falcons Flight huko Qiddiya, iliyosanifiwa kufika kilomita 250 kwa saa.

Kwa kimo, bingwa wa muda mrefu alikuwa kigari kingine, Kingda Ka wa New Jersey, mita 139, mwaka 2005. Februari 2025 alibomolewa kwa baruti. Gurudumu la Ferris nalo lilimalizwa kwa baruti, mwaka 1906. Mabingwa wa kwenda juu wana mwisho unaofanana.

Ya bei rahisi kuliko zote

Kwa mtoto wa bara anayefika pwani kwa mara ya kwanza, kumtembelea shangazi Temeke au mjomba Changamwe, kivutio cha baharini si bustani ya kulipia. Ni pantoni. Dar es Salaam, Magogoni hadi Kigamboni, nauli ya mtu mzima ni shilingi 200. Mombasa, kivuko cha Likoni, mwenda kwa miguu halipi kitu. Kwa idadi ya watu Likoni haina mpinzani katika pwani yetu. Takwimu zinazotajwa mara kwa mara ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku.

Mtazame mtoto wa Hanang akipanda pantoni kwa mara ya kwanza. Wenyeji wameegemea vyuma, wanasoma simu. Yeye amesimama katikati kama aliyepigiliwa, kwa sababu sakafu ni ya saruji machoni lakini inatikisika miguuni. Mlango wa chuma unanyanyuka kwa mlio, maji yanachemka nyuma, na mji unaanza kusogea. Atakaposimulia nyumbani atasema mji ndio uliosogea. Mama atamuuliza kama hakuogopa, na jibu litategemea nani mwingine anasikiliza.

Tramu ya karibu zaidi na Getanuwas

Mtoto wa Getanuwas wa leo akitaka kupanda tramu halisi, aende wapi?

Si Mombasa; vyuma vimekwisha. Si Unguja. Dar es Salaam kuna mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na tangu katikati ya 2024 kuna treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro na Dodoma, yenye kwenda kilomita 160 kwa saa, lakini treni si tramu. Ya karibu iko Addis Ababa, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini, mahali palipo mbali na bahari kama sisi na juu zaidi kuliko sisi. Ilifunguliwa Septemba 2015, ikiwa ya kwanza ya aina yake mashariki mwa Afrika: njia mbili, moja ya mashariki hadi magharibi na nyingine ya kaskazini hadi kusini, zinazokutana katikati ya mji na kupita kwa muda juu ya daraja moja.

Iliwahi kuwa fahari kubwa. Watoto wa Addis waliojaa madirishani miezi ya kwanza hawakuwa na safari yoyote ya kwenda. Walipanda ili wapande. Yaliletwa magari 41 kutoka China. Miaka ilivyopita vipuri vilikosekana, fedha za kigeni za kuvinunulia zikakosekana, na sehemu kubwa ya magari hayo ikabaki karakanani huku machache yakiendelea kubeba umati. Gari la ukubwa ule, likikosa umeme na vipuri, halisukumwi.